Kebo ya neti uliyofunga mwenyewe inasumbua? Anzia kwenye dalili

Malalamiko ya watu waliofunga vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vyenye pini nane) kwa mikono yao ni machache na yanajirudia. Taa haiwaki. Spidi imegoma kwenye megabiti 100. Testa ya kebo inasema nzima, neti haikai. Kamera inajizima usiku. Mara nyingi kosa liko kwenye sentimita tatu za mwisho za kebo, huku au kule. Kwa hiyo kabla hujapanda darini kuifuata kebo, na kabla hujaipigia simu kampuni ya intaneti, kagua ncha zote mbili.

Hata kabla ya hapo, chukua kebo ya dukani unayojua ni nzima, uchomeke kifaa kilekile kwenye tundu lilelile la swichi ya mtandao. Kikifanya kazi, kosa ni la kebo yako. Kisipofanya kazi, kebo yako haina kesi. Kagua kifaa au swichi. Watu hulikwepa jaribio hili kwa sababu linamaanisha kubeba ruta hadi chumba kingine, kisha wanakata vichwa vizima na kuvitupa.

Mpangilio unaotumiwa zaidi na mafundi ni ule wa B. Shika kichwa klipu ikiwa upande wa nyuma, pini zikikutazama, kebo ikiingilia chini. Pini ya 1 iko kushoto:

1. nyeupe-chungwa
2. chungwa
3. nyeupe-kijani
4. bluu
5. nyeupe-bluu
6. kijani
7. nyeupe-kahawia
8. kahawia

Mpangilio wa A hubadilishana nafasi za chungwa na kijani, basi. Wowote unafaa, mradi ncha zote mbili zifanane. Kumbuka pia jozi (nyaya mbili mbili zilizosokotwa pamoja) zinavyokaa: 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Hiyo 3 na 6, inayoziruka mbili za katikati, ndiyo chanzo cha nusu ya vichekesho utakavyovisoma hapa chini.

Taa haiwaki kabisa

Kisababishi cha kwanza ni waya ambao haukufika mwisho wa kichwa. Kielekeze kichwa kwenye mwanga, ukitazame kwa mbele, pale kinapoingia kwenye tundu. Utaona nukta nane za shaba zikimeta nyuma ya plastiki. Zikiwa saba, au moja imekaa ndani zaidi ya wenzake, umeshapata jibu. Kata, funga kingine. Kichwa cha RJ45 hakifunguliwi kikafungwa tena.

Cha pili ni pini ambazo hazikushuka. Kitazame kichwa kwa ubavu: pini zote nane ziwe zimezama usawa mmoja, chini kidogo ya kuta za plastiki zinazozitenganisha. Ikiwa moja au mbili zimesimama, rudisha kichwa kwenye krimpa (koleo la kubania vichwa) ubane tena kwa nguvu. Hilo linaruhusiwa na mara nyingi linatosha. Ila usikichomeke kichwa chenye pini zilizosimama ili "kujaribu tu". Pini hizo huzikunja springi zilizo ndani ya tundu la swichi, na hapo tatizo la kichwa cha bei ndogo linageuka kuwa tatizo la swichi. Kama kila kichwa unachofunga kinaacha pini ileile juu, krimpa yako imechoka. Azima nyingine kabla hujamaliza pakiti nzima.

Kingine ni mpangilio usiofanana: upande mmoja A, mwingine B. Vifaa vya siku hizi hujirekebisha vyenyewe, kwa hiyo huenda usione shida yoyote. Vifaa vya zamani vya megabiti 10 au 100 havina uwezo huo na taa haitawaka. Kwenye testa utaona taa zikiruka: 1 inajibu kwa 3, 2 inajibu kwa 6, na kinyume chake, huku 4, 5, 7 na 8 ziko sawa. Ukiona hivyo, kata upande mmoja tu.

Waya uliokatika katikati huja mwisho kwenye orodha hii, ingawa ndio watu wanaouwazia kwanza. Testa ikionyesha waya mmoja haupiti hata baada ya kufunga vichwa vipya pande zote mbili, sasa ifuate njia ya kebo. Tafuta klipu ya msumari iliyogongwa vibaya, mlango unaobana, meno ya panya darini, na ile selotepu nyeusi ambayo mtu aliunga nyaya nane kwa kuzisokota. Ukikuta kiungo cha selotepu usikitengeneze. Kitoe, weka kiunganishi cha RJ45 cha kike kwa kike, au vuta kebo mpya.

Neti ipo, lakini spidi haivuki 100

Hapa swali la kwanza ni je, unastahili kupata 1000? Ruta nyingi za bei nafuu na karibu kamera zote za IP zina matundu ya megabiti 100, na hakuna kebo itakayobadilisha hilo. Soma maandishi chini ya kifaa au kwenye boksi lake. Kwenye Windows spidi ya kiungo utaiona kwenye taarifa za adapta ya mtandao. Kwenye Linux andika `ethtool` ukifuatisha na jina la kadi ya mtandao.

Kama pande zote mbili ni za gigabiti na bado unasoma 100, shuku pini za 4, 5, 7 na 8. Megabiti 100 hupita kwenye jozi mbili tu, za pini 1-2 na 3-6. Gigabiti inataka jozi zote nne. Waya mmoja wa bluu au wa kahawia ukikosa kugusa, kadi yenye akili hushuka hadi 100 bila kumwambia mtu. Kata upande unaoonekana mbaya zaidi, funga upya, pima. Ikigoma, kata na upande wa pili.

Kuna sura nyingine ya kosa hilohilo inayowachanganya hata waliozoea. Laptopu ya zamani inashika vizuri, mpya inawasha taa na kuizima, inawasha na kuizima, haishiki. Mtu anaapa kebo ni nzima kwa sababu "ile nyingine inafanya kazi". Sababu ni kwamba kadi mbili hukubaliana spidi kupitia zile jozi mbili za kwanza. Zinakubaliana gigabiti vizuri kabisa, kisha zinapojaribu kuitumia zinakuta jozi ya tatu au ya nne haipo. Kadi nyingine hushuka, nyingine huanza upya bila mwisho. Laptopu ya zamani haikuwahi kuomba gigabiti, ndiyo maana haioni tatizo.

Jaribu hili: ilazimishe kadi mpya kwenye megabiti 100 kwa muda. Ikishika, jozi za 4-5 au 7-8 ndizo zenye kosa. Ukimaliza, rudisha kwenye otomatiki. Ukiiacha imelazimishwa upande mmoja, swichi itadhani inaongea na kifaa cha njia moja kwa zamu, na utapata neti inayotambaa huku kila taa ikiwaka kijani.

Kisababishi cha mwisho ni nyaya zilizofunguliwa msokoto mrefu mno kabla ya kuingia kwenye kichwa. Kwa Cat5e (daraja la kebo, huandikwa kwenye ganda lake la nje) kiwango ni kisichozidi milimita 13. Ukiona sentimita tatu za nyaya zilizonyooshwa kati ya ganda na pini, hiyo ni kazi ya kurudia hata kama leo inakwenda.

Testa inawasha taa zote nane, lakini neti ni mbovu

Dalili hii ndiyo inayopoteza muda wa watu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Testa ya taa, ile yenye vipande viwili na taa za 1 hadi 8, inajua jambo moja tu: waya ulioanzia pini ya 1 umetokea pini ya 1. Haijui kama waya huo umesokotwa na mwenzake sahihi. Haijui urefu, haijui ubora wa shaba. Taa nane za kijani maana yake hakuna waya uliokatika wala kuhamishwa. Ukiisoma zaidi ya hapo unajidanganya.

Mkosaji mkuu ni jozi zilizopasuliwa. Mtu anazipanga rangi kama zilivyotoka kwenye ganda: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, kijani, nyeupe-bluu, bluu, nyeupe-kahawia, kahawia. Anafanya hivyohivyo upande wa pili. Inaonekana nadhifu, testa inapita moja kwa moja, na anajiambia kwamba muhimu ni pande zote zifanane. Sasa tazama pini ya 3 na ya 6. Ya 3 imepata nyeupe-kijani, ya 6 imepata bluu. Hizi mbili zinabeba data pamoja, lakini ndani ya kebo kila mmoja amesokotwa na mtu mwingine. Msokoto ndio unaofuta kelele za jozi jirani. Ukiwatenganisha, kelele inaingia moja kwa moja.

Kwenye kebo ya mita mbili huenda usione chochote. Kwenye mita thelathini utaona kurasa zinafunguka nusu, simu za video zinakwama, spidi inaruka juu na chini. Pakiti (vipande vya data) ndogo zinapita, kubwa zinaharibika njiani. Kutoka Windows pima hivi, ukiweka namba ya ruta yako:

`ping -n 200 -l 1400 192.168.1.1`

Kwenye kebo nzima, hata pakiti za ukubwa huo zinarudi zote. Zikipotea chache chache wakati ping ya kawaida haipotezi kitu, fungua macho uzisome rangi kwenye vichwa vyote viwili. Plastiki ni angavu, huhitaji kukata kitu ili kujua. Ukikuta kijani kwenye pini ya 4, kata pande zote mbili ufunge kwa mpangilio wa B.

Rangi zikiwa sahihi, kisababishi kinachofuata ni urefu. Kikomo ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, zikiwemo zile kebo fupi za kuchomekea. Usikisie. Kebo nyingi zimechapwa namba za mita kwenye ganda, zinazofuatana kuanzia mwanzo wa boksi. Soma namba ya mwisho ulio karibu na ruta, soma ya upande wa pili, toa. Angalia tu kama ni mita au ni futi. Boksi la kawaida lina mita 305, yaani futi 1000, na wapo waliovuta "mita 280" wakashangaa kebo ilivyo fupi. Ukizidi 100, weka swichi katikati au tumia faiba (kebo ya kioo inayopitisha mwanga).

Kisha jirani mbaya. Kebo ya neti iliyolazwa sambamba na waya wa umeme kwa mita nyingi, au inayopita mgongoni mwa pampu ya maji, hupokea kelele. Dalili yake ni rahisi kuitambua: neti inaharibika pampu ikiwaka, inapona ikizimwa. Isogeze kebo. Pale ambapo lazima zikutane na za umeme, zikatishane kwa pembe mraba.

Inashika na kukatika, hasa ukiigusa

Tikisa kichwa taratibu huku unaitazama taa. Ikizimika, shida ni hapo. Mara nyingi ganda la nje halikuingia ndani ya kichwa, na ule ulimi wa plastiki unaotakiwa kubana ganda umebana nyaya tupu au haukubana kitu. Kila mara mtu anapofagia chini ya meza, uzito wote unabebwa na nyaya nane nyembamba. Funga upya, ganda liingie angalau milimita sita ndani.

Ulimi wa nje, ule unaolia "tak" ukichomeka, ukiwa umevunjika kichwa kitateleza chenyewe. Badilisha. Kipande cha karatasi kinachosokomezwa ili kubana si dawa.

Ikiwa kebo inakatika bila kuguswa, mchana wa joto kwa mfano, angalia aina ya kichwa. Vipo vya waya mgumu wa uzi mmoja na vipo vya waya laini wa nyuzi nyingi, na meno yake hayafanani. Kebo ya boksi kwa kawaida ni ya uzi mmoja. Kichwa cha waya laini kikifungwa juu yake hugusa kwa upande upande, kinafanya kazi wiki kadhaa, halafu kinaanza visa. Cat6 nayo ina nyaya nene kuliko Cat5e. Ukizilazimisha kwenye kichwa cha Cat5e zitakwama njiani na ganda litabaki nje. Omba dukani vichwa vya Cat6 vyenyewe.

Pwani kuna la ziada: chumvi. Kichwa cha bei ya chini kabisa kilichokaa kwenye veranda ya Mombasa au Unguja huota ukungu wa kijani kwenye pini. Ukiuona, usisugue kwa kisu, maana unaondoa na ile dhahabu kidogo iliyobaki. Kata.

Kamera au redio ya mtandao ya juu haiwaki, au inajizima usiku

Hapa kebo inabeba data na umeme pamoja, mfumo uitwao PoE, kwa hiyo tahadhari inatangulia: usichomeke testa ya taa kwenye kebo yenye umeme wa PoE. Zima chanzo kwanza. PoE ya kiwango hukiuliza kifaa kabla ya kutoa umeme, lakini vile vibebeo vidogo vya volti 24 au 48 vinavyokuja na redio za nje vingi havina mjadala. Vinatoa muda wote, na laptopu ikichomekwa upande huo kadi yake inaweza kuungua.

Kamera inayofanya kazi mchana na kujiwasha upya kila giza likiingia ina njaa ya umeme. Taa zake za infraredi huwaka usiku, matumizi yanapanda, volti inashuka. Cha kwanza kukagua ni pini 4, 5, 7 na 8, kwa sababu mifumo mingi ya bei nafuu hupitisha umeme hapo. Waya mmoja usipogusa vizuri, mwenzake anabeba mzigo wote.

Cha pili ni kebo yenyewe. Kebo nyingi za bei ya kutupa ni alumini iliyopakwa shaba, CCA kwa kifupi, na huenda boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Kwangua waya mmoja kwa wembe: rangi ya fedha ikitokea chini ya shaba, ndiyo hiyo. Ukinani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Chukua kamera ya volti 12 inayovuta nusu ampea mwisho wa mita 50, umeme ukipita kwenye jozi mbili. Kwa shaba ya kawaida ya Cat5e unapoteza takriban volti 2, kamera inapata kama 10. Kwa CCA unapoteza zaidi ya 3, kamera inabaki na chini ya 9, na hapo nyingi hukata tamaa. Kufunga vichwa upya hakutaisaidia. Suluhisho ni shaba halisi, au kamera na swichi za PoE ya kiwango, ambayo husafirisha umeme kwa volti 44 hadi 57 na hivyo hupoteza kidogo njiani.

Mimi CCA siitumii hata kwa mita tano. Inakatika ukiikunja mara chache, na saa za kuitafutia kosa ni ghali kuliko ulichookoa dukani.

Ilikuwa nzima, mvua ikanyesha

Maji huingia kwenye ganda lililopasuka na kuteremka ndani ya kebo hadi kwenye ruta. Ukikata kichwa cha chini ukakuta unyevu, usikate kidogo kidogo ukitarajia kufika pakavu. Sehemu hiyo ya nje imekwisha. Kebo ya ndani, ile ya kijivu au bluu, hukaukishwa na jua ganda likapasuka. Nje weka nyeusi iliyoandikwa ya nje, na kabla haijaingia ukutani iachie kitanzi kinachoning'inia ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Ikiwa mvua ilikuwa na radi na sasa tundu moja la swichi limekufa, kebo huenda ni nzima na kilichoungua ni vifaa vya ncha zote mbili. Jaribu kila kimoja peke yake kwa kebo fupi.

Hapa weka krimpa chini

Umepata mtekenyo ukigusa kichwa cha chuma au bodi ya kifaa. Kebo imepita bomba moja na nyaya za umeme wa nyumba. Kichwa kimeyeyuka au kinanuka kuungua. Usichomoe kwa mkono. Zima umeme kwenye swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni. Hilo si tatizo la neti tena.

Kebo ya shaba kati ya majengo mawili yenye mita tofauti za umeme ni kazi ya mtaalamu pia, kwa sababu ardhi (ethi) za majengo hayo zinaweza kutofautiana volti na kebo yako ikawa njia ya umeme huo. Mtaalamu mzuri atakushauri faiba, ambayo haipitishi umeme wala haibebi radi. Na usipande juu ya bati au mlingoti wakati mawingu yanajikusanya, hata kama mteja analia.

Ukimwita fundi wa mtandao, usimwambie tu "neti haifiki". Mpe namba za mita ulizosoma pande zote mbili, pini zilizogoma kwenye testa, aina ya kebo iliyoandikwa kwenye ganda, na saa ambazo tatizo hutokea. Muulize kama ana kipimo kinachoonyesha umbali wa kosa kwa mita, si testa ya taa. Akija na kile cha taa nane tu, atarudia uliyoyafanya wewe, na utamlipa.